Cy Grant na mama wa Nieuw-Vennep

Mwaka 1943 gazeti la chama cha Hitler, Völkischer Beobachter, lilitoa picha ya kijana mweusi aliyevaa sare za Jeshi la Anga la Uingereza. Maelezo ya picha yalisema huyu ni askari wa jeshi hilo "wa mbari isiyobainika". Kijana mwenyewe alikuwa Cy Grant, mzaliwa wa Guyana iliyokuwa koloni la Waingereza. Ndege yake ilikuwa imetunguliwa juu ya Uholanzi, naye alikuwa ameshatiwa mikononi mwa Wajerumani.

Tangu watu walipoanza kuwakumbuka weusi waliopigana vita ile, Grant ametajwa kama shujaa, na wapo wanaolikataa neno hilo. Hao husema alikuwa mtawaliwa aliyebeba mabomu ya mtawala wake na kuyapeleka kwenye vitanda vya raia. Nimezisikia hoja za pande zote mbili, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuupuuza.

Nianze na usiku wenyewe. Tarehe 25 Juni 1943 ndege 473 zilitoka Uingereza kwenda Gelsenkirchen, mji wa makaa ya mawe na mafuta katika bonde la Ruhr, Ujerumani. Grant alikuwa ndani ya ndege ya mabomu aina ya Lancaster ya kikosi cha 103, akiwa nevigeta, yaani mtu wa ramani, anayemwambia rubani tuko wapi na tunaelekea wapi. Mawingu yaliufunika mji, baadhi ya mitambo ya kuonyesha shabaha ikagoma, na mabomu yakasambaa hadi miji mingine. Ndege 30 hazikurudi, na ya Grant ilikuwa mojawapo. Iliwaka moto ikiwa njiani kurejea, wakaruka kwa miavuli, na mabaki yakaangukia nyumba ya mkulima karibu na Nieuw-Vennep. Mke wa mkulima yule akafa.

Mama huyo alikuwa Mholanzi. Nchi yake ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na ndege ile ilikuwa ya upande uliokuja kumkomboa.

Wanaomtetea Grant wana hoja nzito. Kamandi ya mabomu ya Uingereza ilirusha vijana wapatao 125,000, wakafa 55,573. Hawa walikuwa watu wa kujitolea, na hakuna aliyelazimishwa kupanda. Mwaka 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa bado hayajatua Ufaransa, na mabomu ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya Uingereza kumpiga Hitler nyumbani kwake. Wapo wanahistoria wa uchumi wanaoonyesha kwamba mashambulizi ya Ruhr yaliuzuia uzalishaji wa silaha za Ujerumani usiendelee kukua. Maelfu ya mizinga ya kutungulia ndege ilibaki kulinda miji ya Ujerumani badala ya kupelekwa kupigana na Warusi.

Kwa mtu mweusi hoja hiyo ina uzito wa ziada. Mwaka 1937 Wanazi waliwafanya tasa kwa siri mamia ya watoto waliozaliwa na mama wa Kijerumani na askari wa makoloni ya Ufaransa. Juni 1940, huko Chasselay karibu na Lyon, waliwaua kwa risasi askari wa Afrika Magharibi waliokuwa wameshasalimu amri. Anayesema vita ile haikumhusu Mwafrika ajibu kwanza habari ya Chasselay.

Hata hivyo, wanaopinga nao hawabahatishi. Ripoti ya Waingereza wenyewe ya mwaka 1941 ilionyesha kwamba katika ndege zilizodai kupiga shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya maili tano. Suluhisho lililochaguliwa Februari 1942 lilikuwa kuipanua shabaha: amri mpya ilitaja wazi kwamba lengo ni kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Mji wenyewe ukawa shabaha. Julai mwaka uliofuata moto wa Hamburg uliua watu zaidi ya 30,000.

Wapo wanaomtoa Grant lawamani kwa kusema nevigeta hadondoshi bomu. Sikubali. Bomu halifiki popote bila mtu wa ramani, na kumvua sehemu yake ya lawama ni kumvua pia sehemu yake ya ushujaa.

Kuhusu dola aliyoitumikia, mwaka huohuo wa 1943 mamilioni ya watu walikuwa wakifa njaa Bengal, nchini India, chini ya bendera ileile. Kabla ya vita jeshi la anga lilikataa weusi, na kizuizi hicho kiliondolewa Oktoba 1939 kwa sababu watu walihitajika. Vita vilipokwisha Grant alisomea sheria London, akahitimu uwakili, akakosa kazi ya uwakili. Alikuja kuimba na kuigiza ili aishi. Wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma wangeielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Kwangu mimi, jambo linaloupindisha mjadala huu ni ule utekwa wake. Tukishafika kwenye seng'enge za Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya wanaanga waliotekwa kule Sagan, tunasahau alikotoka. Kambi ina baridi na njaa, na Januari 1945 mateka walitembezwa kwenye theluji wakikimbizwa mbali na Warusi. Tunamwona mtu anayeteswa, na anayeteswa tunamsamehe upesi. Yaliyotokea Gelsenkirchen yanafutika kabisa.

Na utekwa nao ulikuwa na madaraja. Grant alikuwa ofisa, kambi yake iliendeshwa na jeshi la anga la Ujerumani, vifurushi vya Msalaba Mwekundu vilifika, na Mkataba wa Geneva uliwakinga maofisa wasifanyishwe kazi. Haukuwa ulinzi kamili: Machi 1944 mateka 76 walitoroka Sagan kupitia handaki, na 50 kati ya waliokamatwa wakauawa kwa amri ya Hitler. Lakini mateka wa Kisovieti zaidi ya milioni tatu walikufa mikononi mwa Wajerumani hao hao. Na Waafrika waliotekwa wakiwa na jeshi la Ufaransa, walipofikishwa Thiaroye nchini Senegal mwaka 1944 na kudai malipo yao, walipigwa risasi Desemba 1 na jeshi walilolipigania. Sare na cheo vilimkinga Grant dhidi ya mambo ambayo ngozi yake ingemletea.

Basi mimi nasimama wapi? Namheshimu. Alichagua upande uliostahili kushinda, akijua kwamba uwezekano wa kufa ulikaribia nusu. Ila heshima hiyo siitoi kwa sababu ya kambi, wala siioni kamili pale inaposimuliwa bila Gelsenkirchen na bila nyumba ile ya Nieuw-Vennep. Wanaotaka Grant safi asiye na doa wanamdhulumu, maana wanamfanya picha tu, kama lile gazeti la 1943 lilivyomfanya.

Ndege ilipoanguka usiku ule, mtoto wa Kiholanzi wa miaka 11 alishuhudia. Alipokuwa mtu mzima alianza kutafuta ilikuwa ndege gani, nani walikuwemo, nani alibaki hai. Utafutaji huo ulimfikisha kwa Cy Grant. Mwaka 2006 mwana wa Mholanzi huyo na Grant wakaanzisha pamoja kumbukumbu ya mtandaoni ya wanaanga wa Karibi waliopigana vita ile, na majina yakaanza kuingizwa, moja baada ya jingine. Grant alifariki mwaka 2010.