Asasi za Tanzania, mnachukua hela ya bibi wa Uingereza, yangu hamuitaki

Kazi yangu hapa Bristol ni kuomba hela kwa simu. Naketi mezani na hedifoni kichwani, kompyuta inapiga namba moja baada ya nyingine, na anayepokea namwomba achangie shirika la hisani. Leo ni utafiti wa saratani, kesho watoto wasio na makazi, wiki ijayo visima vya maji. Aliyeniajiri ni kampuni inayokodiwa na mashirika hayo, na sheria ya mwaka 1992 inataka mtu kama mimi amweleze wazi anayeombwa kwamba kampuni inalipwa kwa kazi hiyo. Nimeshazoea kulisema, na sijaona kama linawafukuza watu.

Shemeji yangu wa Morogoro nilipomsimulia alicheka kwanza, kisha akauliza: "Na wanatoa? Mtu hakujui, anakutajia namba yake ya akaunti?"

Wanatoa, shem. Si wote, wala si wengi, ila wanatosha kufanya biashara hii iendelee. Na hatupigi kiholela. Tunayempigia ni yule aliyewahi kutuma pauni 3 kwa meseji baada ya kuona tangazo kwenye treni, au aliyekuwa akichangia kila mwezi akaacha. Unaanza kwa kumshukuru. Unamwambia hela yake ilifanya nini. Halafu unaomba, tuseme, pauni 10 kwa mwezi. Akisema ni nyingi unashuka hadi 5. Ofisini kwetu akikataa tena unamuaga vizuri, kwa sauti ileile uliyomwamkia nayo. Akikubali, anasoma namba za benki hapohapo simuni, na kuanzia mwezi unaofuata benki inakata yenyewe mpaka siku atakayosema basi. Ikitokea wamemkata kimakosa, benki inamrudishia zote. Tena kama ni mlipa kodi, serikali inamwongezea shirika peni 25 juu ya kila pauni, utaratibu wanaouita Gift Aid. Pauni 5 za mwezi ni bei ya kahawa na keki, lakini watu elfu wakikatwa kila mwezi, shirika linajua tangu Januari kwamba litaweza kulipa mishahara ya Desemba.

Nyumbani sisi tumefundishwa na meseji za matapeli: "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Mgeni akikupigia akitaja pesa, unakata. Simlaumu mtu.

Lakini msidhani Waingereza walianza na adabu hii. Mji huu huu ndio uliowaaibisha. Mwaka 2015 alifariki Olive Cooke, mama wa miaka 92 aliyejulikana Bristol nzima kwa kuuza maua ya karatasi ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Ikaja kujulikana jinsi alivyokuwa akiandamwa na barua na simu za maombi. Familia yake ilisema hayo siyo yaliyosababisha kifo chake, na ni haki yao lisemwe hivyo. Hata hivyo, uchunguzi ulipofanywa ulikuta mashirika 99 yana jina lake kwenye kumbukumbu zao, mengi yakiwa yamelipata kupitia watu wa kati, na kwamba mwaka 2014 pekee alitumiwa barua zinazokadiriwa kufika 466. Bibi alikuwa mkarimu, na ukarimu wake ukageuka anwani ya kuuziana.

Nchi ikachafuka. Bunge likaingilia, na mwaka 2016 ikaundwa mamlaka mpya ya kusimamia uchangishaji, Fundraising Regulator. Mwaka uliofuata ukaja mfumo ambao mtu anaingia mtandaoni, anataja shirika analotaka limwache, na shirika halina budi kumwacha. Tangu 1999 lilikuwepo pia daftari la namba zisizotaka simu za matangazo. Ukijiandikisha humo, siruhusiwi kukupigia ila uwe ulikubali mwenyewe. Sipigi baada ya saa tatu usiku. Nikisikia mtu amechanganyikiwa, anarudia maneno, anakubali kila ninachosema, natakiwa nikatae hela yake. Ndiyo, natakiwa nikatae. Nimewahi kumaliza simu ya namna hiyo nikakaa kimya kidogo, maana nililelewa kuamini kwamba mwenye kutoa hazuiwi.

Sasa linganisheni na simu zinazoniingilia mimi kutoka +255.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza kama nataka kuombwa. Naamka nimeshaingizwa kundi la "Kamati ya Harusi", bwana harusi simjui, mwenyekiti ni mjomba. Kadi ya mmoja elfu hamsini, ya wawili laki moja, na "wewe uko Ulaya" ni kadi ya aina ya tatu isiyotajwa bei. Kila Jumapili mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Jina langu lina sifuri pembeni, na watu mia mbili wanaliona, akiwemo mama yangu. Ofisini kwetu ukibandika orodha kama ile, keshoye unaitwa na meneja, na barua kutoka kwa wasimamizi wa taarifa binafsi iko njiani. Halafu simu: "Shikamoo dada, tunakukumbusha tu ile ahadi, tupunguzie hata kidogo." Inaingia saa kumi alfajiri ya huku kwa sababu kwao kumekucha na wanawahi kumalizia hesabu kabla ya kikao. Msiba ukitokea, orodha ni nyingine. Ada ya mtoto wa binamu, nyingine. Mjane mwenye kudaiwa kodi ya nyumba naye yumo kwenye orodha, na hakuna aliyefundishwa kusema, mama, wewe basi.

Na tunalipa! Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimechoka kusikia kwenye semina za watu wa asasi za kiraia kwamba Watanzania hawana utamaduni wa kuchangia. Hawana? Kamati moja ya harusi Dar inakusanya mamilioni ndani ya miezi mitatu bila ofisi, kwa simu ya mweka hazina na M-Pesa tu. Misikiti na makanisa yanajengwa kwa changizo. Maiti inasafirishwa kutoka Ulaya hadi kijijini ndani ya wiki kwa hela za watu waliokutana kwenye kundi la WhatsApp. Wanaojua kuchangisha kwa simu kuliko shangazi zangu sijawaona hapa Uingereza, na mimi nalipwa kwa kazi hiyo.

Ila tazama nani haombi. Katika miaka yote niliyokuwa na laini ya simu ya Tanzania sikuwahi kupigiwa na asasi ya kusaidia mama wajawazito, au ya watoto wenye ulemavu, au ya maji, ikaniambia: dada, tunaomba elfu tano kwa mwezi. Hata mara moja. Nimevuka bahari, nikapata kazi, na siku moja nikajikuta nasoma kwenye skrini maelezo ya kisima cha mkoani Dodoma, nikimwomba bibi wa Devon, huku Uingereza, pauni 5. Bibi akauliza, kwa upole, kama nimewahi kufika huko. Nikamwambia nina ndugu Kondoa. Akatoa kumi.

Nilifurahi, na nilichukia vilevile. Ndugu zangu wa Kondoa hawajawahi kuombwa hata shilingi kwa ajili ya kisima hicho kwa namna ya kuheshimiwa kama wafadhili. Wanaombwa nguvu kazi, wachimbe mtaro. Ripoti yenye picha inaandikwa kwa Kiingereza na kutumwa Devon.

Asasi zetu zilikua zikimtazama mfadhili wa nje kwa sababu ndiye aliyekuwa akilipa. Maombi yanaandikwa kwa lugha yake, mahesabu yanafungwa kwa mwaka wake wa fedha. Kwa kitambo hesabu hiyo ilikubali: kwa nini uwapigie watu elfu moja simu za elfu tano wakati ubalozi mmoja unaweza kutoa vyote kwa sahihi moja? Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na Machi waziri wao wa mambo ya nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa. Februari mwaka huohuo Uingereza nayo ilitangaza itapunguza bajeti ya misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Sahihi moja ilitoa, sahihi moja ikafuta. Wale watu elfu wa elfu tano wasingeondoka wote siku moja.

Wapo watakaosema mtu wa nyumbani anachangia harusi kwa sababu kesho ni yake, daftari linakumbuka nani alitoa nini, na anakula wali siku yenyewe. Asasi itamlisha nini? Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi tunakili kampuni yangu ya Bristol na kumwaga vijana wenye hedifoni pale Ubungo. Mgeni akikupigia utakata, nimeshasema. Lakini shangazi akikupigia kwa niaba ya zahanati anayoijua, huku mahesabu yakisomwa kwenye kundi kwa Kiswahili kila mwezi, kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa, risiti ikipigwa picha? Wakenya walionja hili mwaka 2011. Ukame ulipoipiga Turkana waliita Kenyans for Kenya, wakataka shilingi milioni 500 ndani ya wiki nne, watu wakatuma kwa M-Pesa kutoka mifukoni mwao, na lengo likavukwa. Hakuna aliyewalisha wali.

Nakubali pia kwamba Kenya hiyohiyo inatuonyesha shimo lilipo. Harambee iliyoanza kama jasho la wanakijiji ikawa jukwaa la wanasiasa kumwaga mabunda ya noti, hadi Julai 2024 Rais Ruto akapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki. Anayechanga mbele ya kamera ananunua kitu. Anayekatwa elfu tano kila tarehe moja bila mtu kumwona hanunui chochote, na huyo ndiye ninayemtaka.

Kwa hiyo wakurugenzi wa asasi mnaosoma hapa, wengi wenu nawajua kwa picha za warsha, hebu mjaribu. Kanuni za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania zinawadai mtangaze hadharani fedha mnazopokea na mnavyozitumia. Basi zitangazeni kwa namna ambayo mama yangu anaweza kuzisoma kwenye simu yake. Tafuteni wale mlioshawahudumia na ndugu zao, maana hao wanajua kazi yenu kuliko ubalozi. Mweka hazina wa kamati ya harusi mwajirini, sina utani. Ana uzoefu kuliko mshauri mtakayemlipa kwa dola. Na sisi tulio nje mtupigie, lakini mtuulize kwanza kama tunataka, mkubali tukisema hapana, na orodha ya majina yenye sifuri ibaki kwenye harusi.

Mimi nitaanza na elfu ishirini kwa mwezi. Mkiniomba hamsini nitasema ni nyingi, na mtashuka.