Una 16, mgawaji ana 10: omba karata

Jirani yangu wa kushoto alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayechungulia kisima. Tulikuwa tunacheza blackjack, mchezo wa karata ambao anayeikaribia 21 zaidi bila kuivuka ndiye mshindi. Nilikuwa na 16 mkononi, mgawaji ameonyesha 10. Nikagonga meza kuomba karata. Ikaja 9, nikapasuka: 25, nimeivuka 21. Chipu zangu zikazolewa, kisha mgawaji akafunua karata aliyoificha: 6. Naye alikuwa na 16! Akavuta 4, akafika 20, na meza nzima ikalia.

"Ile tisa ungeiacha, angepasuka yeye," jirani akaniambia. Sikuwa na la kumjibu, maana kwa raundi ile alisema kweli. Lakini nikipewa tena karata zilezile, nitaomba tena.

Ukiwa na 16, karata yoyote kuanzia 6 kwenda juu inakuvusha 21. Ni aina 8 kati ya 13 (za picha zinahesabiwa 10), zaidi ya nusu, kwa hiyo hofu ina haki yake. Ila ukisimama hapo, yaani usiombe karata, utashinda tu iwapo mgawaji atapasuka, na mwenye 10 hapasuki hata mara moja katika nne. Ukiomba umeumia, ukisimama umeumia, na kuomba kunauma kidogo tu pungufu. Kidogo mno, nakiri. Meza ikikuruhusu kujisalimisha na kurudishiwa nusu ya dau, chukua nusu yako bila kuona haya.

Sasa kwa nini ning'ang'anie tofauti iliyo nyembamba kama unywele? Kwa sababu nimejiona. Siku niliyosimama na 16 mbele ya 10 kwa woga, haikupita nusu saa nikawa nasimama na 16 mbele ya 7, ambako kosa lina gharama ya kweli, kisha na 15. Sikuamua kuiacha kanuni. Niliiachia upenyo, nayo ikatoka yenyewe.

Na kanuni hizi si za kuokota vijiweni. Mwaka 1956, Wamarekani wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha hesabu ya namna bora ya kucheza kila raundi. Waliifanya wakiwa jeshini, kwa mashine za kukokotoa za mezani, kabla kompyuta hazijawa jambo la kawaida. Mimi nikiwa nimekaa pale, usingizi unaninyemelea na muziki unapigwa makusudi ili nisifikiri, eti moyo wangu "unahisi" kuliko hesabu ile?

Kuhisi ndiko kunakouzwa pale. Angalia bima. Mgawaji akionyesha ree, unaulizwa kwa upole kama unataka kujikinga asije akawa na blackjack yenyewe, yaani 21 ya karata mbili: ree na karata ya thamani ya 10. Neno lenyewe tamu, bima, nani asiyetaka kinga? Inalipa mbili kwa moja, kwa hiyo ili isikukamue, karata za thamani ya 10 zingepaswa kuwa theluthi moja ya zilizobaki. Katika pakiti ya 52 ziko 16, hazifiki theluthi. Kama huhesabu karata zilizokwisha kutoka, kataa, hata ukiwa na 20 nzuri mkononi. Hasa ukiwa na 20, maana mbili kati ya zile 16 huenda umezishika wewe.

Kuna kosa jingine linalofanywa kabla hata ya kuketi, nalo ni kutosoma maandishi ya kwenye kitambaa cha meza. Blackjack inayolipa 3 kwa 2 inakupa 15 kwa dau la 10. Inayolipa 6 kwa 5 inakupa 12. Ukicheza kwa kanuni, kwenye meza yenye masharti mazuri kasino inabaki na faida ya kama nusu asilimia. Malipo ya 6 kwa 5 yanaiongezea zaidi ya asilimia moja nyingine. Hapo umejifunza kanuni zote za nini?

Mchezo wa kudabo dau kila ukipoteza sitaki kuuzungumzia sana. Anza na 10, poteza mara sita mfululizo: umetoa 630, na raundi ya saba inakudai 640 ili mwisho wa yote upate faida ya 10. Kama kikomo cha meza hakijakuzuia, mfuko utakuzuia.

Tena nisieleweke vibaya: nusu asilimia bado ni yao. Kanuni haikugeuzi tajiri, inapunguza tu kasi ya kuliwa, na pesa niliyokwenda nayo niliihesabu kuwa imekwisha tangu mlangoni. Wapo wanaonicheka kwa hilo. Wananiuliza raha iko wapi kama hata kuamua siamui. Swali zuri. Kwangu raha ni kumsikia jirani akiguna, na mkono wangu usitetemeke.

Raundi iliyofuata nikapata 12, mgawaji akaonyesha 2. Jirani akasonya, akageuka kabisa ili aone nitafanya nini.

Nikagonga meza.