Mgonjwa wa saratani anahitaji watu wenye zamu

Neno "saratani" likishatamkwa, masikio ya mgonjwa huziba. Daktari anaweza kueleza kwa dakika 20, mgonjwa akatoka na maneno mawili tu. Kwa hiyo kabla ya kumwambia "jipe moyo", familia imsindikize na watu wawili: mmoja wa kuuliza, mwingine wa kuandika. Liwe daftari moja, si vikaratasi vinavyopotea mifukoni. Humo iandikwe aina ya saratani kama ilivyotajwa kwenye ripoti ya kinyama kilichopimwa, hatua iliyofikia, kama matibabu yanalenga kuuondoa ugonjwa au kuuzuia usienee, na uamuzi unaweza kusubiri siku ngapi. Hilo la mwisho husahaulika mno. Saratani nyingi humpa mtu siku kadhaa za kutafuta maoni ya daktari wa pili. Baadhi ya saratani za damu hazimpi hata siku hizo. Nakala ya ripoti iombwe siku hiyo hiyo.

Nikija kwa marafiki, sifichi ninakoegemea: mgonjwa mwenye marafiki wanamuziki amebahatika. Hawa ni watu waliozoea kufika kwa saa, kupokezana, kumsikiliza mwenzao anakwendaje na kupunguza sauti anapochoka. Muziki wenyewe nao una kazi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi, yameonyesha kwamba unaweza kupunguza wasiwasi, maumivu na uchovu kwa wenye saratani. Uvimbe hauuyeyushi, na anayemwambia mgonjwa aache dawa ashike nyimbo anamwangamiza.

Lakini liko kosa linalofanywa kwa upendo kabisa. Rafiki humwekea mgonjwa wimbo anaoupenda kuliko yote wakati dripu ya kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, inaingia. Kemo huleta kichefuchefu, na ubongo hukifunganisha na chochote kilichokuwepo: harufu ya chumba, chakula, hata sauti. Baada ya mizunguko michache, mgonjwa huanza kusikia kutapika akiwa bado njiani kwenda hospitali. Wimbo uliokuwa kipenzi unaweza kuingia kwenye mtego huo huo. Nashauri marafiki waandae saa tatu au nne za muziki ambao hana kumbukumbu nao, wa polepole, wa vyombo bila maneno, na nyimbo za moyoni zibaki nyumbani kwa siku njema.

Na siku njema zinaweza kukadiriwa. Mzunguko wa kemo mara nyingi ni wa siku 21. Siku za kwanza huwa za kichefuchefu na uchovu. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu, zinazokinga mwili, hushuka sana, na mafua madogo ya mgeni yanaweza kumlaza mgonjwa wodini. Wiki ya tatu nguvu hurudi kidogo. Bendi nzima ije wiki hiyo, nusu saa, mikono imenawiwa kwa sabuni, na mwenye kikohozi abaki kwake hata kama ndiye mwimbaji. Tarumbeta na filimbi zisipokezanwe mdomo kwa mdomo. Kipimajoto kikisoma nyuzi joto 38 au zaidi, hospitali ipigiwe simu saa hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asimeze dawa ya kushusha homa kabla ya kuzungumza nao, kwa sababu huificha homa huku maambukizi yakiendelea.

Kwenye matibabu ya mionzi ni tofauti. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, dakika chache kila mara, na mgonjwa hubaki peke yake chumbani. Vituo vingi hukubali muziki ukiomba. Hapo wimbo anaoujua kwa moyo humsaidia kuhesabu muda: kiitikio cha pili kikifika anajua mashine inakaribia kumaliza. Ila usiwe wa kuchezesha mguu, maana anatakiwa kulala bila kujitikisa.

Mgonjwa mwenyewe akiwa mpigaji muziki, daktari aambiwe kabla ya dozi ya kwanza anapiga chombo gani. Cisplatin, mojawapo ya dawa za kemo, inaweza kuharibu usikivu, ikianza na sauti nyembamba za juu, na mara nyingi zilizopotea hazirudi. Kwa hiyo masikio yapimwe mapema ili kuwe na cha kulinganisha. Dawa nyingine za kemo, paclitaxel, vincristine na oxaliplatin, zinaweza kuleta ganzi vidoleni. Mpiga gitaa huliona jambo hilo mapema: kidole kinakandamiza waya na hakijui kama kimeugusa, noti inatoka imekufa. Asinyamaze akidhani ni uchovu. Likisemwa mapema, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Likiachwa, ganzi inaweza kudumu. Kwa mwimbaji na mpuliza tarumbeta adui ni vidonda vya mdomo. Kijiko cha chai cha chumvi na kingine cha bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji ya vuguvugu, asukutue mara nne kwa siku bila kumeza.

Lipo neno moja ningependa ndugu walipunguze: "pigana". Ugonjwa ukienea, aliyekuwa akiambiwa apigane hujiona ameshindwa kwa uzembe wake. Afadhali mtu aseme "Jumanne nakupeleka mimi" kisha Jumanne aonekane. Mmoja ashike usafiri, mwingine dawa na saa zake, mwingine simu za watu wanaoulizia, ili mgonjwa asirudie habari hiyo hiyo mara kumi kwa siku.

Dozi ya mwisho ikiisha, wageni huadimika, ilhali uchovu unaweza kuendelea kwa miezi. Hofu hurudi kila vipimo vya marudio vinapokaribia. Tarehe hizo ziandikwe kwenye lile daftari, na jioni ya kusubiri majibu bendi ipange mazoezi. Asiulizwe kitu. Kiti chake kiwekwe karibu na mlango, aweze kutoka kupumzika bila kumkatiza mtu.