Mita mia za kwanza: kwa nini Jumapili mi nakwenda kilimani

Niseme mapema tu, hii itawaudhi watu wa beach. Mtwara ukimuuliza mtu Jumapili unaenda wapi jibu analo tayari mdomoni, kama kuna gari basi Msimbati, gari hakuna basi Shangani, pweza, soda, mziki, picha mbili tatu, wikiendi imeisha. Sina ugomvi na bahari, ndo inatulisha. Ila mtu kakaa mkoa huu miaka nenda rudi alafu anakwambia bila aibu "kwetu huku hamna milima, milima iko Moshi", hapo ndo nachoka. Vilima vipo, tena jirani, na mi nakwenda mbali zaidi, nasema kwa kazi ya kuangalia mandhari kilima kifupi kilichokaa pembeni ya bahari kinaushinda mlima mrefu wa bara.

Sio mapenzi ya kwetu tu yananiongelesha, hesabu ipo na wala sio ngumu. Dunia ni mviringo, kwa hiyo ukisimama ufukweni maji yanakulowesha nyayo, ule mstari bahari inapokutana na mbingu hauko mbali kama unavyodhani, kwa mtu wa kimo cha kawaida ni kama kilomita 5 tu. Sasa panda mita 100 juu ya usawa wa bahari, mstari unakimbia mpaka kilomita 36 hivi. Panda mara nne ya hapo, mita 400, unategemea uone mara nne? Thubutu. Unaona mara mbili tu, kilomita 71. Na kila ukitaka kuona mara mbili ya ulipofika itabidi upande tena mara nne. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, hesabu inakupa kilomita 270 na kidogo, ni mbali sikatai, lakini umepanda karibu mara 59 ya ile mita mia na umelipwa isiyofika mara 8, tena hapo ni kama mawingu hayajakaa chini yako, yakikaa umepanda kuangalia mawingu. Faida yote iko kwenye zile mita za mwanzo na sisi watu wa pwani tunaanzia sifuri kabisa, hatuna hasara. Mtu wa Dodoma yuko juu zaidi ya mita 1,000 na haoni chochote cha ajabu, kwa sababu na jirani yake yuko juu hivyohivyo, tambarare yote imeinuka pamoja naye. Na wala sisemi kila kilima cha kwetu kinafika mita 100, vingine havifiki, hata 50 tu zinakupa kilomita 25, ni mara tano ya yule anayekula pweza pale chini.

Kwa anayeanza namwambia aende Mikindani. Daladala zipo, ni kama kilomita 10 kutoka mjini, unashuka unalipita lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895 (siku hizi ni hoteli), alafu unaendelea kupanda kwa nyuma. Kunapandika, ila usiende na kandambili, mchanga juu ya mawe unateleza kuliko unavyoonekana. Ukishapita nyumba za mwisho inabaki mikorosho, vichaka na mibuyu, jasho linakutoka kidogo, alafu ukigeuka nyuma ghuba yote iko miguuni kwako.

Na hapa ndo nataka watu wanielewe, maana wengi wakifika wanapiga selfi wanashuka. Kaa. Kama umekwenda siku za bamvua, zile maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na maji yanakupwa, ghuba inabadilika mbele ya macho yako. Ukiwa chini unaona maji tu, yamejaa au yamepwa basi. Ukiwa juu unaona sehemu zenye kina zinabaki na ule mstari wa buluu iliyoiva unaopinda kuelekea mlangoni mwa bahari, pembeni yake rangi inafifia, inakuwa kijani, inakuwa kama maji ya dafu, mwisho ni mchanga na matope na kina mama wameinama wanaokota chaza. Ukiona ngalawa inaondoka utashangaa mbona haiendi moja kwa moja, inazunguka wakati mbele yake kweupe, kumbe nahodha anafuata ule mstari wa buluu ambao yeye hauoni kama wewe, anao kichwani. Mi naweza kukaa hapo saa nzima nafuatilia ngalawa moja tu na sichoki.

Kutoka hapohapo juu unaelewa na mambo ya historia ambayo shuleni tulikariri tu. Mikindani ndo ilikuwa mji na bandari wakati Mtwara yenyewe haijawa chochote, Livingstone mwaka 1866 alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara. Alafu baada ya Vita ya Pili ya Dunia Waingereza wakaja na mradi wao wa karanga, wakataka bandari ya meli kubwa na reli ya kwenda Nachingwea, wakahamia Mtwara kwenye kina kirefu. Karanga zilifeli vibaya, reli yenyewe ilishang'olewa, bandari ikabaki na ndo inasafirisha korosho mpaka leo. Ukiuangalia ule mlango mwembamba wa ghuba ya Mikindani kutokea juu huhitaji mwalimu akueleze kwa nini meli kubwa zilitafuta pengine.

Kuna siku tunapanda tukakutana na mama mmoja anashuka na mzigo wa kuni kichwani, tukampisha, shikamoo mama, marahaba wanangu, mnatafuta nini huko juu? Tunaenda kuangalia bahari mama. Akasimama kabisa. "Bahari? Si mmeiacha huko huko mlikotoka?" Tukacheka wote, na yeye akacheka akaendelea na njia yake, shingo imenyooka, mzigo hautikisiki. Nadhani hapo ndo penye jibu la kwa nini watu wetu hawapandi kwa starehe. Kilima kwetu ni kazi. Ni kuni, ni shamba, ni kwenda kuangalia mikorosho, na zamani kule juu kwa Wamakonde ilikuwa ni maji. Mtu ambaye bibi yake alipanda mlima na mtungi kichwani huwezi kumwambia Jumapili apande tena bure, atakuona umechanganyikiwa kidogo, na mi simlaumu.

Hayo ya maji yananipeleka Newala, maana najua kuna watu wa Newala wanasoma hapa na wameshaanza kununa. Ndio, Shimo la Mungu, ule ukingo wenu wa kutazamia bonde. Sawa. Uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutokea pwani, unapanda hata husikii, unafika juu kabisa upande wa magharibi alafu unakatika ghafla kama mkate. Ukisimama pale ukingoni chini yako ni bonde la Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji, hakuna kitu cha kukuzuia macho. Juu pale udongo ni kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama yanakwenda kutokea chini kwenye miguu ya ule ukuta, ndo maana kwa miaka mingi kina mama walikuwa wanashuka kuyafuata na kupanda nayo, kabla ya mabomba. Sasa ukienda usiishie kupiga picha za kuning'iniza miguu, angalia vile vijia vinavyoshuka, alafu jipigie picha wewe na ndoo ya lita 20. Mandhari ya Newala ni kubwa kuliko Mikindani, nakubali bila kinyongo, ila angalia inatokana na nini. Sio urefu wa kutoka usawa wa bahari, ni kwamba ardhi ya mbele yako imeporomoka. Kilima chenye pembeni wazi, ndo kitu kilekile ninachokisema. Na nauli ya kwenda na kurudi sio ya kila Jumapili.

Lindi nao wamebarikiwa, sema hawajisifu. Mji umekaa chini kwenye ghuba na vilima vimeushika kwa nyuma, ukipanda upande wa Mtanda unaona mabati ya mji, minazi, mdomo wa mto Lukuledi unavyoingiza maji yake ya matope baharini wakati wa masika. Ila mi ushauri wangu wa Lindi ni tofauti kidogo, vuka kwenda Kitunda. Panda chombo, vuka, alafu panda miinuko ya kule, uiangalie Lindi kwa mbele. Mji wowote wa pwani ulijengwa utazamwe na anayetoka majini, ukiuangalia kwa nyuma unaona mapaa na matenki ya maji tu.

Na huko Lindi ndani kama kilomita 60 hivi kipo kilima kingine, Tendaguru, ambacho sio cha mandhari kwa maana hii ya kwangu lakini siwezi kukiruka. Wajerumani walichimba pale mwaka 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya dinosaria, dinosaria mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mzigo wote ule ulifika bandari ya Lindi mabegani na vichwani mwa watu wa huku. Sasa mtu akikwambia vilima vya kusini ni vifupi havina maana, mwache tu aongee.

Muda wa kwenda ni jambo la kuzingatia. Wengi wanakwenda Desemba kwa sababu ni likizo, joto la kufa mtu na mvua ndo zinaanza. Mi napenda Juni na Julai, mvua zimeshaosha hewa, kusi inapuliza, nyasi bado hazijachomwa. Ikifika Septemba na Oktoba watu wanasafisha mashamba, moshi unatanda, bahari inakuwa kama umevaa miwani chafu. Kwa Mikindani panda saa kumi jioni, jua linakuwa mgongoni na ghuba inawaka, ila usipitilize, saa kumi na mbili na robo jua lishazama na giza la huku halikusubiri. Jambo lingine, Juni na Julai ndo watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, ukisikia mashine inaunguruma zunguka na upande unaotoka upepo, ule unga wa njano ukikuingia machoni utaikumbuka siku hiyo kwa sababu nyingine.

Na msimu wa korosho zenyewe, kuanzia Oktoba hivi, njia nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu na korosho zimedondoka chini kabisa kwenye njia. Usiokote. Hata moja. Hata ya kumwonyesha mtoto. Ile ni hela ya mtu ya mwaka mzima na kijana usiyejulikana mwenye begi mgongoni ndani ya shamba msimu huo unajitafutia maneno. Ukimkuta mwenye shamba salimia vizuri, jitambulishe, omba njia, mara nyingi atakupa na bibo, lile tunda la mkorosho, la kula na kukuonyesha njia fupi ambayo usingeijua.

Sasa kuna wale ambao nikiwaambia haya wanajibu "patengenezwe kwanza ndo tutakuja". Patengenezwe nini? Wanataka geti, risiti, banda la makuti, spika, kiingilio cha mgeni na kiingilio cha mwenyeji. Nimeona sehemu nyingine nchini wakitengeneza hivyo na matokeo yake yule mama wa kuni ndo wa kwanza kuambiwa asipite, apite wapi sasa? Mi ningeomba vitu vidogo tu, vijia vifyekwe kila baada ya masika, kibao kimoja pale barabarani kinachosema njia ni hii, na pipa la taka chini, sio juu, maana la juu hakuna atakayelishusha. Na vijana wawili watatu wa mtaa wapewe nafasi ya kutembeza wageni kwa bei inayoeleweka. Wengine tupande bure kama tulivyokuwa tunapanda, pweza tutamkuta tukishuka, hawezi kwenda popote.