Kabla hujazidisha mara 150

Niko likizo Githurai, pembeni mwa Nairobi, wiki ya pili sasa, na kila nyumba ninayoingia hesabu ni ileile. Nikitaja mshahara wangu wa kuendesha treni Ujerumani, kama euro 3,600 kwa mwezi kabla ya makato, mtu ameshatoa simu anazidisha mara 150 kupata shilingi. Laki tano na arobaini! Halafu wananiangalia viatu.

Aliyenisukuma niandike ni mpwa wangu. Ana miaka 23, ni skwodi, yaani dereva wa akiba, kwenye matatu za Thika Road kama nilivyokuwa mimi, na tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024 hajatulia. "Anko, nitafutie hiyo ya treni." Mimi huu ni mwaka wa sita naendesha treni za abiria kusini mwa Ujerumani, zile za kuingiza watu mjini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni. Sikupelekwa na wakala. Mke wangu ni muuguzi, alitangulia yeye, nami nikamfuata.

Pesa tuzimalize haraka. Kwenye zile 3,600, mkononi hubaki kama 2,450. Nyumba pamoja na kupasha joto inakula 1,150. Hapa Kenya nasikia watu wakilia na makato ya asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya. Karatasi yangu ya mshahara ingewatoa machozi. Ila nikiugua naonyesha kadi tu, hakuna anayeniuliza nimekuja na shilingi ngapi. Kinachobaki kinatosha kuishi na kutuma kidogo nyumbani. Ni mshahara wa mtu wa kawaida. Na viatu nilinunua vya bei ya kuondoa mzigo dukani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza hata mara moja ni saa za kazi.

Zamu yangu huandikwa hivi: kuanza saa tisa na dakika 47 usiku. Si saa kumi kasoro robo, ni dakika 47. Kwa hiyo naamka saa nane na dakika 20, majirani wote wamelala, natembea kwa soksi hadi mlangoni. Wiki inayofuata naanza mchana na kumaliza saa saba usiku. Mwili haujui uko wapi. Mke wangu naye ana zamu zake za hospitali, na kuna wiki tunaonana mlangoni tu, mmoja anavua viatu mwingine anavaa. Habari za mtoto tunaandikiana kwenye karatasi ya friji: amekula, ana kikohozi, kesho apelekwe na kofia. Shule ya chekechea inafunguliwa saa moja asubuhi. Kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi, mtoto ni wa nani? Huku jibu ni mama mkwe, au jirani wa ploti. Kule tumewahi kumlipa msichana mwanafunzi aje alale kwenye kochi.

Ndani ya treni kuna pedali. Unaikanyaga mguu ukiwa umetulia, na kabla sekunde 30 hazijaisha lazima uiachie kidogo kisha uikanyage tena. Ukisahau, taa inawaka. Ukizidi kusahau, kengele inalia. Ukiendelea, treni inajifunga breki yenyewe, maana imekuhesabu kuwa umezimia au umekufa. Pembeni mwa reli kuna sumaku zinazozungumza na treni. Ukiipita taa nyekundu, breki zinashika kabla hujajitetea, na unashushwa kazini siku hiyohiyo kuhojiwa. Mwanzoni nilijiona kama mfungwa. Kwenye matatu nilizoea kwamba kosa langu ni langu na Mungu wangu. Sasa nimeshaipenda hiyo mitambo, kwa sababu inakubali kwamba binadamu huchoka, na haikutukani.

Mwaka wa tatu mtu aliingia relini mbele yangu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nitaeleza kilichofuata. Njia ilifungwa, dereva mwingine akaletwa kuichukua treni, na akaja mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kukaa na dereva. Hakuniuliza ratiba. Alinipeleka nyumbani kwa gari. Lilihesabiwa kuwa ni jambo lililonipata kazini, nikakaa nje wiki kadhaa mshahara ukiingia, nikazungumza na mtaalamu hadi nikaweza kushika usukani wa treni tena. (Najua, treni haina usukani. Lugha ya matatu haitoki upesi.)

Linganisha na 2015, mwenye bodaboda aliponiingilia ubavuni pale Roysambu akavunjika mguu. Usiku huo nililala kituoni. Asubuhi mwenye gari akapiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa: gari litatoka lini? Hela za hospitali za yule kijana tulichanga sisi madereva na makanga. Siku tatu sikufanya kazi, siku tatu sikulipwa, na ya nne nilikuwa barabarani mikono ikitetemeka, kwa sababu hesabu ya tajiri, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, haingoji.

Na usidhani ni sheria tulikosa. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Ya Ujerumani, kwa mtu wa siku tano kwa wiki, inaanzia 20. Kwenye karatasi tumewapita! Miaka tisa ya Thika Road sikupata hata siku moja ya hizo 21, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema kwamba mimi ni mfanyakazi wake. Kule madereva wa treni wana chama chenye meno: mwanzoni mwa 2024 walitangaza mgomo wa siku sita, na Machi wakapata makubaliano ya kushusha wiki ya kazi hatua kwa hatua kutoka saa 38 hadi 35 ifikapo 2029, bila kukatwa mshahara. Abiria waliwalaani sana. Lakini hakuna aliyepigwa rungu.

Hata hivyo ile siku ya ajali ya treni nilifika nyumbani saa tano asubuhi, mke yuko kazini, mtoto yuko shule. Kwenye kitasa cha mlango nikakuta kibao kimetundikwa: ni zamu yetu ya kufagia ngazi wiki hiyo. Nikaingia nikakaa na koti langu mwilini, sijui muda gani. Kisha nikatoka nikafagia ngazi, ghorofa mbili, nikakitundika kile kibao mlango wa jirani. Baada ya ile ya Roysambu, chumba changu kilijaa watu siku tatu, huyu ameleta githeri, yule ameleta maombi, hadi nikatamani waondoke. Hilo nalo liwekwe kwenye kikokotoo.

Alhamisi iliyopita nilipanda treni ya jioni pale stesheni kuu ya Nairobi, ya kwenda Ruiru. Nilikuwa nimesimama, nimebanwa kati ya mwanamume mwenye mabati na msichana aliyelala wima. Baada ya Dandora nikagundua mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu kila nusu dakika. Nikacheka peke yangu, wakanitazama.

Lakini masikio yangu yalikuwa kwa dereva. Honi. Honi ndefu, honi fupi, honi tena. Kabla ya Githurai mama mmoja aliinua beseni lake la nyanya, akangoja tupite, akalirudisha palepale. Kule ninakofanya kazi mtu mmoja akionekana karibu na reli, treni za njia hiyo zinapunguza mwendo au zinasimama, na polisi wanaitwa. Kwa kanuni hiyo treni ya Ruiru isingefika Ruiru milele. Reli yenyewe ni moja, ya upana wa mita moja kama ile iliyofika Nairobi 1899, kwa hiyo unaingia stesheni unasubiri mwenzako apite ndipo nawe uendelee. Mimi nina sumaku, nina redio. Huyu ana macho na honi. Watu wa huku wanaponiita dereva wa kimataifa naona haya, kwa maana kama ni ufundi, wa kupongezwa ni yule aliyetufikisha Githurai bila kumgusa mtu wala mbuzi.

Kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu aende, akiweza. Hajaoa, hana mtoto, usingizi wake bado unakubali kuchezewa. Angekuwa na miaka 40 na watoto watatu ningemwambia abaki, na najua wengi hawatakubaliana nami. Aanze na Kijerumani, maana dereva wa treni lazima afikie kiwango cha B1, yaani cha kati. Amri za redio hazirudiwi kwa Kiingereza. Kuna vipimo vya mwili na vya akili, halafu mafunzo ya karibu mwaka mmoja, na kwa kawaida unalipwa ukiwa mafunzoni. Kwa hiyo wakala akikuomba pesa za "kuhifadhi nafasi ya treni", mwache na nafasi yake.

Alisikiliza yote hayo akichezea ufunguo wa gari. Kisha akauliza, "Anko, na ukishikwa na haja katikati ya njia?"

Hatimaye, swali la dereva! Unashika hadi mwisho wa njia. Na kama ulikuwa na dakika saba za kugeuza na treni imechelewa dakika nane, unavuka upande wa pili, unawasha taa, unaweka mguu kwenye pedali, unashika tena.