Swichi mbili zinazofanana

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu ndege ikiwa tayari iko chini. Ikalalia tumbo. Lawama zikawaangukia marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza, aliona swichi ya magurudumu na ile ya flapu za mabawa zimekaa pamoja, zikiwa na umbo moja. Akapendekeza moja ibandikwe kigurudumu cha mpira, nyingine kipande chenye umbo la kabari, mkono utambue hata gizani.

Nakumbuka swichi zile kila nikishika zana zetu sisi waandishi wa programu. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ilitoka 2005, na kwa miaka mingi amri ya checkout ilibeba kazi mbili: kukuhamisha kutoka tawi (mkondo mmoja wa kazi) hadi tawi, na kurudisha faili katika hali yake ya awali. Kwenye kuhama, Git hukuzuia ikiona kazi yako ambayo hujaihifadhi itafutika. Kwenye kurudisha faili, inafuta bila kukuuliza. Amri moja, hatari mbili tofauti kabisa! Agosti 2019, toleo la 2.23 likaleta switch na restore, na checkout ikaachwa ilipo ili skripti za watu zisiharibike. Huo ndio usanifu wa kiungwana.

Niliwahi kuunganisha API ya malipo, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuomba huduma kwa nyingine. Ilijibu 200, namba ya kusema "imefanikiwa", kwa kila ombi, hata malipo yakikataliwa. Habari ya kushindwa ilikuwa ndani kabisa ya JSON, maandishi ya data yaliyokuja na jibu. Programu yangu ikaona 200, ikamshukuru mteja ambaye hajalipa. Nilipolalamika niliambiwa nisome nyaraka. Sikubali jibu hilo. Marubani nao walikuwa na vitabu vya maelekezo.

Sasa nikiandika fanksheni (kipande cha programu chenye kazi moja) ya kuhamisha pesa, sipokei namba mbili za akaunti zikiwa maandishi matupu yanayofuatana, maana ukizigeuza kompyuta haitashtuka. Akaunti ya mtoaji naipa aina yake, ya mpokeaji aina yake. Ukikosea, msimbo haukompaili, yaani kompyuta inaukataa kabla haujaendeshwa. Kisha namkabidhi mwenzangu ambaye hajawahi kuiona, bila nyaraka, nakaa pembeni kimya nikitazama anapokwama. Akikwama, naibadilisha fanksheni kabla sijagusa maelezo yake.