Kamakura, Kilwa na dagaa wa bakulini

Ukiwa mzaliwa wa Kilwa Masoko na maisha yakakuleta Japani, Kamakura ni mji utakaokuuma. Mimi naishi Yokohama, na kwa treni Kamakura ni chini ya nusu saa. Nakwenda peke yangu, nakwenda na wageni waliotoka nyumbani, na kila nikirudi najikuta nabishana kwenye simu na ndugu zangu juu ya jambo lile lile: kwa nini huku mahekalu na milima imejaa wenyeji wenyewe, na sisi vyetu tumevisusa, tukawaachia wageni.

Siku yenyewe huwa inaanzia kituo cha Kita-Kamakura, asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Lango la hekalu la Engaku-ji liko pale pale, na reli imekatiza ndani ya kiwanja chake. Hekalu hili lilijengwa mwaka 1282 na mtawala wa wakati ule, Hojo Tokimune, baada ya Wamongolia kuivamia Japani mara mbili, mwaka 1274 na 1281, na kushindwa zote mbili. Alilijenga ili waliokufa vitani waombewe, wa upande wake na wa upande wa adui. Mimi ni Muislamu, siinami mbele ya sanamu wala siwashi ubani wao, lakini habari hiyo ya kumwombea maiti wa adui hunisimamisha pale langoni kila mara.

Ukivuka barabara na kutembea kidogo unafika hekalu la Jochi-ji, na ubavuni mwake ndipo njia ya kupanda mlima inapoanzia. Nasema mlima, ila mtu wa Lushoto au wa Morogoro atauita kilima. Njia ni ya udongo, imejaa mizizi ya miti na mawe yaliyolainishwa na viatu vya watu, na mvua ikinyesha inateleza vibaya. Njia panda pana kibao cha mbao kinachokuambia huku ni wapi na kule ni wapi. Kwingine pamefungwa kamba ya kushikilia. Basi, ni hivyo tu. Nawaambia hili wale wanaonijibu kila siku kwamba Wajapani wanaweza kwa sababu wana fedha: waje wanionyeshe hizo fedha ziko wapi kwenye mizizi ile. Vimbunga vya mwaka 2019 viliangusha miti mingi huku na njia zikafungwa, baadhi kwa muda mrefu, lakini hazikuachwa zife.

Wanaotembea humo wengi ni wazee, wamevaa kofia na mabegi mgongoni, wamebeba chai kwenye chupa. Halafu kuna kitu ambacho mtu aliyeishi Japani atakielewa haraka. Mjini hapa mgeni hamsalimii mgeni. Unakaa kwenye treni umebanana na watu na hakuna anayekutazama usoni. Ukishaingia njia ya mlimani, kila unayepishana naye anakusalimu. Kila mmoja! Kwa mtu aliyelelewa Uswahilini, ambako kumpita mtu kimya ni kukosa adabu, saa zile za mlimani ni dawa. Babu mmoja aliyefuatana na mkewe aliniuliza natoka nchi gani. Nilipomwambia Tanzania akasema papo hapo, “Kirimanjaro! Kahawa!” maana kahawa yetu inauzwa hapa kwa jina hilo. Mkewe akaniambia wao huja karibu kila wiki, magoti yakikubali. Hawakuja kutalii. Ule ni mlima wao, na Jumamosi ndiyo inavyokwenda.

Katikati ya njia kuna Zeniarai Benten, mahali patakatifu pa kuingilia kwenye tundu la mwamba, ambapo watu huosha fedha kwenye maji ya chemchemi wakiamini zitaongezeka. Mimi hupita nikatazama, nikaendelea na safari.

Ukishuka upande wa pili unatokea kwa Buddha Mkubwa, sanamu iliyo kwenye hekalu la Kotoku-in. Kazi ya kumsubu kwa shaba ilianza mwaka 1252. Ana urefu wa mita 11.3 bila ya msingi wake, na uzito wa tani 121 hivi. Zamani alikuwa ndani ya jengo. Dhoruba zikaliangusha, na mwishoni mwa karne ya 15 tsunami ikazoa kilichobaki. Toka hapo amekaa nje, mvua yake, jua lake, rangi imegeuka kijani. Kiingilio ni yeni mia chache, bei ya kikombe cha kahawa. Ukiongeza kidogo unaingia tumboni mwake, maana ndani ni mtupu, na unaiona mistari ambako mafundi walimwunga tabaka juu ya tabaka. Niliwahi kuuweka mkono kwenye ukuta ule mchana wa Agosti, ulikuwa wa moto kama kikaango. Pembeni yangu alikuwapo mama na wanawe wawili, anawaonyesha ile mistari kwa kidole na kuwaeleza.

Sasa sikieni hili. Kamakura haimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Japani iliupendekeza mji huu, wataalamu wakashauri usiingizwe, na mwaka 2013 Japani ikayaondoa maombi yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo tangu mwaka 1981. Na si kwa kupendelewa. Utawala wa kijeshi ulioitawala Japani kutoka Kamakura ulianguka mwaka 1333. Miaka miwili kabla, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kupita yote, wakati wa sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya bahari na birika lake la pembe nane. Miji hii ni ya rika moja. Mmoja watu wanagombea nafasi kwenye treni kuuona. Mwingine nina binamu zangu pale Masoko, watu wazima wenye watoto, kisiwa wanakiona wakiwa gatini na hawajawahi kuvuka.

Kuna mahali miji hii miwili inakutana kabisa, na watu wachache wanapajua. Ukimaliza kwa Buddha ukashuka mpaka ufuo wa Zaimokuza, maji yakitoka unaona lundo la mawe linaitwa Wakaejima. Ni mabaki ya bandari iliyojengwa kwa mikono mwaka 1232. Hapo ufuoni hupatikana vigae vya vyombo vya Kichina, vile vya kijani, vya karne zile. Watoto wa Kisiwani mnavijua vigae hivyo. Vimo kwenye mchanga wetu pia, vilishushwa na biashara ya wakati ule ule.

Nije kwenye chakula, maana hapa ndipo ninapokasirika kweli.

Chakula cha Kamakura ni dagaa. Wanawaita shirasu, vifaranga vya samaki vyeupe, vidogo kuliko dagaa mchele wetu, vinavyovuliwa kwenye ghuba ya Sagami. Wanavichemsha kwa maji ya chumvi pale pale pwani, kisha wanavianika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na majiko ya dagaa Kilwa, Mafia au Unguja atajua naongelea nini. Hata ule moshi na ile harufu ya maji ya chumvi ni moja. Bakuli linakuja na wali wa moto, juu yake dagaa wamejazwa mpaka wali hauonekani, tangawizi iliyokunwa, mwani uliokatwa nyembamba, na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, pembeni. Mimi huuliza kwanza kama sosi ina pombe. Ukipata wabichi, wamevuliwa asubuhi ile. Bahari ikichafuka mgahawa unabandika karatasi mlangoni kwamba leo wabichi hakuna, na hakuna anayenuna. Kuanzia Januari mpaka sehemu ya Machi uvuvi wake hufungwa, watu wakasubiri. Siku msimu unapofunguliwa ni habari ya kwenye televisheni.

Watu wanapanda treni kutoka Tokyo kwa ajili ya dagaa! Wanapanga foleni juani. Na sisi? Dagaa ni chakula cha mwisho wa mwezi, cha kumficha mgeni akija. Dagaa wetu wanasafiri mpaka Kongo, maana huko wanajua thamani yake, lakini hoteli za kwetu mgeni anapewa chipsi na kuku. Sijawahi kuona hata moja pwani ile iliyomwandika dagaa kwenye orodha yake kwa fahari, na nazi yake na ndimu yake. Kufunga bahari si kigeni kwetu, Songosongo na Pemba wanafunga maeneo ya pweza wakue. Upishi tunao. Kinachokosekana ni kukiheshimu tunachokula.

Kamakura nayo ina shida zake, sitaki kuwadanganya. Siku za sikukuu treni ndogo ya pwani, Enoden, hujaa mpaka wakazi wanashindwa kupanda, na mji umejaribu kuwapa cheti cha kupita mbele ya foleni. Ukarimu wa mtu kukuita “karibu tule” barabarani huku haupo, na nimeumisi sana. Siku hizi meli za watalii zinatia nanga Kilwa, na nafurahi kwa ajili ya vijana wanaopata kazi. Ila meli hukaa siku moja ikaondoka. Mahali panalindwa na mtu anayerudi wiki ijayo, na mtu huyo anataka vitu vidogo: nauli ya mashua iliyoandikwa ubaoni, kibao njia panda, choo safi, kivuli, na mama anayeuza chakula cha pale pale.

Basi Desemba nikija likizo, In shaa Allah, nawakusanya binamu zangu na watoto wao tunavuka. Wa Dar mnaotaka kufuatana nasi, basi la Mbagala Rangi Tatu linatosha. Tutatembea kwa miguu kutoka Gereza, ile ngome ya zamani, mpaka msikiti mkuu, kisha Husuni Kubwa, na tutalipia chakula kwa kina mama wa Kisiwani. Nimeshasema: dagaa wa nazi, pweza na muhogo, kuku asiletwe. Mwenye mashua ya kubeba kikundi, au anayejua mama wa kutupikia, aniandikie sasa ili bei ijulikane mapema.